Kochi la Sebuleni: Tunalilowesha Mno au Tunalisahau Kabisa?



Kila tukimaliza darsa ya akina mama hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, hubaki swali moja ambalo halikuandikwa kitabuni kwa jina lake. Mmoja huliuliza kwa sauti ya chini akiwa amekwisha kuvaa viatu. Mwingine humtuma mtoto na kikaratasi. "Ustadhi, mjukuu amekojoa kwenye kochi, na kochi halikamuliki kama nguo. Tufanyeje?" Mama mmoja alitueleza kwamba amekwisha kulimwagia kochi lake ndoo tatu za maji, siku tatu mfululizo, mpaka sponji ikavunda na mbao za chini zikafura, na sasa sebule inanuka kuliko siku ile ya mkojo wenyewe. Mwenzake hakumwaga hata tone. Aligeuza mto upande wa pili, akanyamaza, na tangu hapo zamu ya kisomo ikifika kwake hutafuta udhuru, kwa kuogopa wageni watakaa mahali penye najisi naye atakuwa amebeba dhambi zao.

Ndugu msomaji, hawa wawili wanaonekana kama wako mbali mbali, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Tumewafundisha watu mlango wa twahara kama maneno ya kukariri, na usafi wa vitu vya nyumbani tumeuachia mama peke yake kana kwamba hauhusiani na elimu. Mwanafunzi wetu wa miaka kumi na miwili anaweza kukutajia migawanyo ya najisi bila kukwama, kisha akaliangalia kochi la mama yake lililolowa akakimbilia nje kucheza mpira. Sisi tunaona hapo ndipo penye kasoro.

Neno lenyewe "sofa" lina nasaba na sisi. Asili yake ni neno la Kiarabu suffa, lililopita kwa Waturuki, likafika Ulaya, kisha likaturudia na bei yake. Ahlu Suffa walikuwa Masahaba mafakiri, Abu Hurayra (Radhiya Allaahu 'anhu) akiwa miongoni mwao, waliokuwa wakikaa katika sehemu yenye kivuli kwenye Msikiti wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) Madina. Wale hawakuwa na velveti wala mito sita ya kupangwa kwa ukubwa. Lakini tuliache hilo, kwa sababu swali la akina mama si la zuhdi, ni la mkojo.

Tuanze na hukumu, kisha tuje kwenye brashi.

Jambo la kwanza ni kwamba kila kitu asili yake ni twahara mpaka ijulikane kwa yakini kwamba kimenajisika, na yakini haiondolewi na shaka. Kochi ambalo "huenda" mtoto alilikojolea, ambalo "labda" paka alipita na miguu yenye uchafu, hilo ni kochi twahara. Hakuna kunusa nusa wala kuwahoji watoto mmoja mmoja kama mahakamani. Mwenye kufungua mlango huo hataufunga. Tumewaona watu ambao wasiwasi ulianza kwenye kochi, ukahamia kwenye zulia, ukaishia kwenye udhu, mpaka mtu anatawadha robo saa nzima na jamaa inampita.

Jambo la pili: najisi kavu haihami kwenda kwenye kitu kikavu. Mkojo uliokwisha kukauka kwenye mto wa kochi hauruki kumfuata mgeni kwenye kanzu yake au buibui lake, kama vyote viwili ni vikavu. Kwa hiyo yule mama anayeficha nyumba yake, na afungue mlango. Wageni wakikaa hawanajisiki, na akitaka utulivu wa moyo atandike kitambaa safi juu yake. Hata mzee wetu asiyeweza kusimama, ambaye huswali akiwa amekaa kwenye kochi, akitandikiwa msala safi juu ya mahali palipokauka, swala yake ni sahihi. Shuruti ni usafi wa kile anachokigusa kwa mwili na nguo zake. Hatuhitaji kumhamishia mzee kwenye kiti cha mbao kinachomuumiza mgongo.

Jambo la tatu ni kuitwaharisha sehemu hiyo yenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu katika mitaa ya Waswahili tunayafuata, kukamua si sharti. Kinachotakiwa ni kuondoa kwanza ile najisi yenyewe, kisha maji safi yapite juu ya mahali hapo yakiwa ndiyo yanayoijia na kuishinda, mpaka ladha, rangi na harufu viondoke. Ikibaki rangi peke yake, au harufu peke yake, baada ya juhudi na ikawa vigumu kuiondoa, basi hiyo imesamehewa. Mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na hali kitu zaidi ya maziwa, mkojo wake hunyunyiziwa maji yakaenea mahali hapo, kama alivyofanya Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Ummu Qays aliyoipokea Bukhari na Muslim. Wa kike na yule aliyekwisha kula uji, huoshwa. Ndugu zetu wa Hanafi wana njia yao kwa vitu visivyokamulika, ya kuosha mara tatu na kuacha maji yachuruzike kila mara, na aliye katika madhehebu hayo amuulize shekhe wake.

Na sote tunaijua habari ya yule bedui aliyekojoa msikitini, na Mtume (S.A.W.) akawazuia Masahaba wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Msikiti ule sakafu yake ilikuwa ardhi, nayo hunywa maji. Wenye ndoo tatu huishika hadithi hii wakalimwagia kochi. Lakini sponji si ardhi. Sponji hunywa maji ikayaweka tumboni, na ukikaa juu yake siku ya pili inakutemea.

Sasa angalia jinsi fiqhi na ufundi vinavyokutana. Vitabu vinasema uondoe kwanza unyevu wa najisi, ndipo umwage maji. Fundi wa makochi naye atakuambia hivyo hivyo: kausha kwanza. Siri yote iko hapo. Mkojo ukiwa mbichi, chukua taulo kuukuu au fulana za pamba, kunja mara nne, weka juu na ukandamize kwa uzito wa mwili wako, hata kwa kupiga magoti juu yake. Badilisha upande mkavu na urudie mpaka kitambaa kiinuke bila kulowa. Usisugue. Kusugua hupanua doa, hulisukuma ndani na huvuruga manyoya ya kitambaa. Ukifanya hivyo katika dakika kumi za mwanzo, umekwisha kuutoa mkojo mwingi kabla ya tone moja la maji, na maji utakayohitaji baadaye ni vikombe, si ndoo.

Baada ya hapo, kama kochi lina mito yenye zipu, fungua zipu. Watu wengi hapa wamekaa na makochi miaka minane bila kujua kwamba zipu ile ya nyuma si pambo. Foronya itolewe ifuliwe kama nguo. Sponji ipelekwe nje, mahali pale pamwagiwe maji taratibu yapite mpaka yatokee upande wa chini, ikandamizwe kwa viganja (usiipinde wala kuisokota, hukatika), kisha isimamishwe kwa ubavu wake penye upepo. Kama mto umeshonwa moja kwa moja na kochi, mwagia kikombe kidogo kidogo pale palipoingia mkojo, ngoja kidogo, kandamiza kwa taulo kavu, rudia mara mbili au tatu. Kwa ajili ya harufu tumia kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa vikombe viwili vya maji, au povu la sabuni laini, lakini kwetu sisi Mashafi maji matupu ndiyo yawe ya mwisho, kwa sababu siki na sabuni husafisha ila hazitwaharishi. Hilo lawahusu pia wale wanaokodi watu wa kuja kusafisha makochi kwa povu au kwa dawa kavu. Kochi litanukia vizuri na kung'aa, lakini kama palikuwa na najisi ya yakini, waambie wapitishe maji safi mahali pale na kuyafyonza kwa mashine yao. Wanaweza, ukiwaomba.

Kikishakauka, nyunyiza bikaboneti ile ya jikoni, iache masaa kadhaa au usiku kucha, kisha uipanguse kwa brashi kavu. Inapunguza harufu iliyobaki. Tunasisitiza ya jikoni, kwa sababu kuna soda nyingine kali ya kutengenezea sabuni, nayo huunguza ngozi na macho, na mtoto hawezi kuzitofautisha kwa kuziangalia.

Kukauka ndiyo nusu ya kazi. Kitu kilicholowa kikikaa kati ya saa 24 na 48 bila kukauka, ukungu huanza. Katika mvua za Machi na Aprili hapa kando ya Ziwa Tanganyika, kochi lililoloweshwa ovyo halikauki kwa wiki nzima. Ramadhani ya mwaka 2025 ilituangukia Machi, na kila nyumba yenye watoto ilikuwa na uji wa futari uliomwagika mahali fulani. Katika majira kama hayo, maji machache na taulo nyingi, fungua madirisha, washa feni kama umeme upo, na mto usirudishwe mahali pake mpaka ukiukandamiza kwa kiganja usihisi ubaridi.

Tukija kwenye madoa mengine, ambayo si najisi bali ni uchafu tu, hatutakaa sana. Damu (hii ni najisi) na maziwa, maji baridi, kamwe si ya moto, kwani moto huyapikia humo humo. Mafuta ya sambusa, nyunyiza unga wa ngano au poda, acha inyonye, pangusa, kisha povu la sabuni kidogo. Wino wa kalamu za wanafunzi wetu, spiriti kidogo kwenye pamba, ukigusa gusa bila kusugua, baada ya kujaribu kwanza mahali pasipoonekana nyuma ya kochi. Hina mbichi ya bibi harusi ikigusa kochi jeupe, itoe upesi kabla haijakauka. Ikishashika, nunua kitambaa kizuri cha kufunikia na umwombee bibi harusi kheri.

Jambo ambalo tunalikataza kabisa ni javeli, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita jiki. Kwanza hutoa rangi na hudhoofisha nyuzi. Pili, ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia, ambayo mkojo uliolala huwa nayo, hutoa mvuke unaochoma macho na kifua. Mama aliyejifungia sebuleni na ndoo ya javeli juu ya kochi lenye mkojo wa siku tatu anajitia hatarini. Petroli nayo tumesikia wapo wanaoipangusia madoa ya mafuta. Nyumba ambayo hatua nne kutoka hapo kuna jiko la makaa!

Na kwa kuwa tumetaja moto, tuseme la chetezo. Sisi watu wa ubani na udi hatutaki kuacha sunna ya manukato, wala hatusemi iachwe. Lakini chetezo huwekwa sakafuni, mbali na kochi, na mtu mzima akiwa hapo mpaka makaa yafe. Sponji ya makochi ya siku hizi ni poliuretani, kitu kilichobuniwa Ujerumani mwaka 1937, na ikishika moto huwaka haraka na kutoa moshi mzito wenye monoksidi ya kaboni na sianidi. Tarehe 8 Mei 1979 duka kubwa mjini Manchester, Uingereza, liliungua, moto ukianzia kwenye makochi ya sponji, watu kumi wakafa. Mwaka 1988 Waingereza wakatunga kanuni za kuzuia makochi yasiyo na kinga ya moto kuuzwa. Sisi hapa tunanunua sponji kwa kuikandamiza kwa kidole tu. Cheche moja ya udi inatosha.

Sasa turudi nyumbani, kwenye jambo ambalo pengine litawaudhi baadhi ya wasomaji wetu wanaume.

Makochi katika nyumba zetu yamekuwa na maisha mawili. Kuna nyumba ambamo makochi ni ya wageni, yamefunikwa nailoni ya dukani isiyotolewa, watoto wanakaa sakafuni na kufukuzwa kila wakipita. Nailoni ile hufungia jasho na unyevu chini yake, kitambaa huvunda, na mgeni mwenyewe akikaa huteleza kama yuko kwenye mtumbwi. Hiyo ni mali iliyokopewa pesa, ya kutazamwa na watu wanaokuja mara mbili kwa mwaka, siku za Idi. Na kuna nyumba ambamo makochi ni uwanja: baba anakula juu yake, vijana wanalala juu yake na viatu, chai inamwagika, na wote wanangoja mama atokee jikoni na kitambaa. Akichelewa husemwa kwamba nyumba hii chafu.

Sisi tunasema aliyekaa ndiye asafishe. Mama wa waumini 'Aisha (Radhiya Allaahu 'anhaa) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wake, na swala ikifika hutoka. Hadithi hii iko kwa Bukhari na kila mmoja wetu ameisikia mimbarini. Basi kijana wa miaka kumi na tano anayejiandaa kuwa imamu na aanze na mito minne ya kochi kila Ijumaa asubuhi. Akiona haya mbele ya dada zake, hiyo ni haya isiyo na mahali.

Kazi yenyewe si kubwa. Kwa asiye na mashine ya kufyonza vumbi, chukua shuka kuukuu, ilowanishe na uikamue sana, itandike juu ya kochi na uligonge gonge kwa fimbo nyepesi. Vumbi linatoka na kunata kwenye shuka badala ya kuruka sebule nzima. Ukiinua shuka utaona alama za kahawia, na watoto hulipenda jambo hili kuliko tulivyotarajia. Mito itolewe nje igongwe, anayegonga akiwa amejifunga kitambaa puani. Mianya ipitishwe brashi au mswaki mkuukuu. Kila mwezi mito igeuzwe na kubadilishana nafasi, ile ya pembeni anapokaa baba iende katikati, ili isibonyee upande mmoja.

Haya si mapambo tu. Ndani ya vumbi la makochi kuna wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, wanaokula magamba ya ngozi zetu, na uchafu wao huwachochea wenye pumu na wenye mafua yasiyokwisha. Wanapenda unyevu, na katika nchi ya ziwa wanao tele. Foronya na vitambaa vya juu vikifuliwa kwa maji yenye moto wa nyuzi 60, wanakufa. Mwanafunzi anayekohoa kila akirudi kujisomea sebuleni, kabla hamjasema amerogwa au ana kijicho cha jirani, angalieni kochi lilipigwa brashi lini.

Hapa tuwasifu mabibi zetu. Vile vitambaa vya kusuka kwa mkono, vya kuwekwa kichwani na mikononi mwa makochi, ambavyo mabinti wa leo wanaviona vya kishamba, ni busara kubwa. Kochi huchakaa kwanza pale kichwa chenye mafuta ya nywele kinapoegemea na pale viganja vinapokaa. Ngozi bandia hasa, mafuta na jasho huifanya ipasuke na kubanduka magamba, na ikishabanduka hakuna dawa ila kuvisha upya. Bibi aliyesuka kitambaa cha pamba kinachofuliwa kila wiki alilijua jambo hilo bila kusoma kijitabu. Makochi ya ngozi halisi nayo yasipakwe mafuta ya kupikia kama tunavyoona wengine wakifanya, kwani huchacha na kunuka. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha, na yasikae penye jua la dirishani.

Kuhusu makochi ya mtumba kutoka Ulaya na Ghuba, tunaulizwa mara nyingi: huenda mwenyewe wa kwanza alikuwa na mbwa, huenda ngozi ni ya nguruwe. Jibu ni lile la mwanzo, huenda si yakini. Makochi mengi ya ngozi ni ya ng'ombe. Ngozi ya nguruwe unaweza kuitambua kwa vitundu vya manyoya vilivyokaa vitatu vitatu kwa makundi, na ukiiona hivyo iache, kwani katika madhehebu yetu haitwahariki kwa kutiwa dawa. Lakini kabla ya kuhofia mbwa wa Mzungu, hofia kunguni. Chukua tochi, fungua mishono, angalia kwenye pembe na chini ya kitambaa cha tumbo la kochi. Ukiona madoa meusi kama ncha ya kalamu, magamba ya rangi ya kahawia hafifu au mayai meupe, usilete nyumbani hata ukipewa bure, maana kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula akakungoja. Na tafuta kile kilebo cha usafishaji, ambacho makochi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani huwa nacho chini ya mto: herufi W maana yake laweza kusafishwa kwa maji, S ni kwa dawa zisizo na maji tu, WS vyote viwili, na X ni brashi na mashine ya vumbi pekee. Mwenye kochi la X au la S na watoto wadogo amejitafutia shida, kwa hiyo soma kabla ya kulipa.

Lipo suala zito zaidi. Mto Rusizi ulipofurika Gatumba mwaka 2020, na Ziwa lilipopanda mwaka 2024 likaingia katika mitaa ya kandokando, familia nyingi zilihama na makochi yao yakiwa yamekaa siku nyingi katika maji yaliyochanganyika na vyoo. Baadhi waliyarudisha ndani yakiisha kukauka juani. Tunajua kochi ni mshahara wa miezi, na anayesema "litupe" huwa hajalinunua yeye. Lakini sponji iliyokunywa maji ya choo haisafishiki, si kwa fiqhi wala kwa afya. Maji hayawezi kuufikia kila mtundu wake, na jua halitwaharishi katika madhehebu yetu, na ukungu uko ndani hata kama juu pamekauka. Kinachookolewa ni fremu ya mbao kama haijapinda. Isuguliwe, ioshwe kwa maji safi, ikaushwe kabisa, kisha apewe fundi aweke sponji na kitambaa kipya. Gharama yake ni chini ya kochi jipya, na mbao za zamani mara nyingi ni nzito kuliko zile za dukani leo. Mtakapomwendea fundi, muulizeni uzito wa sponji. Ya kukalia iwe ya kiasi cha kilo 30 kwa mita moja ya ujazo au zaidi, ile nyepesi ya kilo kumi na kitu ni ya mgongoni. Na wenye uwezo miongoni mwetu, wanapotoa msaada kwa waliofikwa na mafuriko, wakumbuke kwamba mchele huisha, na mzee asiyeweza kukaa chini anahitaji mahali pa kukaa.

Katika madrasa yetu, baada ya mengi haya, tumeamua mlango wa twahara usomwe pia uani. Tulileta mto mmoja mkuukuu wa kochi, tukaumwagia maji ya chai mahali pa najisi, tukawapa vijana taulo na birika moja tu la maji, tukawaambia wautwaharishe bila kuomba la pili. Kundi la kwanza lilimaliza birika kabla ya kukausha. Kundi la pili likakausha kwanza, na maji yakabaki robo. Kijana mmoja akauliza kwa nini hatukuwahi kuwaambia kwamba neno la kitabuni "kuondoa 'ayn ya najisi" maana yake ni taulo. Wallaahi swali lake lilikuwa zuri.

Somo hilo litarudiwa kwa darasa la tatu na la nne Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kukatika, in shaa Allaah, saa tatu asubuhi. Kila mwanafunzi wa kiume aje na mto mmoja wa kochi la nyumbani kwao, brashi na taulo mbili. Mito irudi nyumbani kwa mikono yao wenyewe, si kwa kuja mama kuichukua.

Wabillaahi tawfiiq.